Kabla fundi hajafungua giaboksi

Upo ugonjwa unaomaliza mitaji ya wafanyabiashara wa mpakani kimyakimya, na hauna uhusiano na ushuru wala bei ya mafuta. Ni ugonjwa wa kufungua. Pikapu ya fowili, yaani ile ambayo injini inaweza kusukuma magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, inagoma kuvuta kwenye tope. Anaitwa fundi wa kwanza anayepatikana. Analala chini ya gari dakika tano, anatoka na kusema giaboksi ndogo imekufa. Mwenye gari yuko mbali na kwao, mzigo unaoza, hana wa kumuuliza. Anajibu: fungua.

Mimi nimebeba mawese, maharage na dagaa kati ya Kigoma na kusini mwa Burundi kwa miaka mingi, nikipitia Manyovu na Mugina. Kwa niliyoyaona njiani, nathubutu kusema kwamba magari mengi ya zamani yanayofunguliwa giaboksi kando ya barabara hayakuwa na ugonjwa wa giaboksi. Ugonjwa ulikuwa mahali ambapo mwenye gari angeweza kupaona mwenyewe, kwa mikono yake, bila spana.

Nitoe mfano mmoja. Mwaka 2023 kaya tano za majirani zangu, wote waliorejea kutoka kambi za Tanzania, zilichanga akiba yao zikanunua Hilux ya zamani. Mvua za Novemba zikawakuta na shehena ya ndizi kwenye kilima cha udongo mwekundu. Magurudumu ya nyuma yalizunguka bure, ya mbele hayakushtuka hata kidogo. Fundi wa mji mmoja wa mpakani akateremsha giaboksi ndogo, akapanga gia zake juu ya gunia, akadai spea ambazo hazikupatikana pale. Wiki mbili zikapita. Ndizi zilikwisha kuiva na kuoza siku nyingi. Mwishowe dereva mmoja wa lori aliyekuwa akipita aliinama kwenye gurudumu la mbele la kulia, akaona habu imesimama kwenye neno FREE. Basi, yote yale yalikuwa ni kwa ajili ya habu moja. Giaboksi iliyorudishwa kwa haraka ikaanza kuvuja oili, na kaya mbili zikajitoa katika umoja ule zikidai fedha zao.

Kwa nini habu moja iwe na nguvu kiasi hicho? Gari nyingi za zamani za aina hii zina habu za mbele zinazozungushwa kwa mkono. Zikiwa FREE, gurudumu linazunguka peke yake na ekseli ya ndani inatulia, jambo linalopunguza msuguano barabara ikiwa nzuri. Zikiwa LOCK, gurudumu na ekseli vinashikana. Sasa difu ya kawaida hupeleka mzunguko upande ulio mwepesi. Habu ya kulia ikibaki FREE, nguvu yote ya mbele inakimbilia ekseli ile isiyoshika chochote, na gurudumu la kushoto halipati kitu hata kama habu yake imefungwa sawasawa.

Wengi wetu tunadanganywa na taa ya dashibodi. Ukivuta gia ndogo, taa ya 4WD inawaka, nawe unaridhika. Kwenye gari la habu za mkono, taa ile inasema tu kwamba gia ndogo imeingia. Haijui lolote kuhusu habu. Kinyume chake pia hutokea: swichi au waya ukiharibika, taa haiwaki, kumbe gari linavuta vizuri kabisa.

Yapo majaribio mawili ambayo kila mwenye gari anapaswa kuyajua kabla ya kuruhusu spana. La kwanza hufanyika bila jeki. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, vuta hendibreki, weka mawe imara mbele na nyuma ya magurudumu. Weka habu zote mbili FREE na gia ndogo kwenye 2H. Ingia chini, shika ile shafti ndefu inayotoka giaboksi ndogo kwenda difu ya mbele, jaribu kuizungusha kwa mkono. Itazunguka. Sasa mwambie mwenzako aingize 4H, jaribu tena. Ikicheza kidogo tu na kukataa, giaboksi ndogo imeshika, tafuta ugonjwa kwenye habu, ekseli au difu ya mbele. Ikiendelea kuzunguka kama mwanzo, hapo ndipo unaanza kushuku gia yenyewe, nako anza na fimbo ya gia na viungo vyake kabla ya kufungua kasha.

Jaribio la pili ni la habu. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, mengine yakiwa yamezuiwa kwa mawe, na gia ndogo iwe 2H. Weka habu LOCK, zungusha gurudumu kwa mkono, huku mwenzako akitazama ekseli nyuma ya gurudumu kutoka pembeni, asilale chini ya gari lililoinuliwa. Ekseli izunguke pamoja na gurudumu. Weka FREE, ekseli itulie. Ikiwa haitii, fungua kifuniko cha habu, osha tope na grisi iliyokauka, paka grisi mpya kidogo. Usiijaze, maana grisi nzito ikizidi nayo huzuia meno yasiingie.

Hapa nataka kusema neno kuhusu lami. Sote tunaifurahia. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa Kabingo hadi Manyovu kupitia Kasulu kwa upande wa Tanzania, pamoja na Rumonge hadi Gitaza kwa upande wa Burundi. Wanaokumbuka vumbi na tope la njia ya Kibondo wanajua maana yake. Lakini lami imetusahaulisha. Dereva anakaa miezi sita bila kugusa habu, grisi inakauka, maji ya mvua yanaingia, na siku anapoacha barabara kuu kwenda kuchukua mzigo kijijini, habu haigeuki. Mwingine anafanya kinyume: anatoka kwenye tope, anapanda lami huku 4H imeingia. Kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na gari za namna hii hazina difu ya katikati ya kusawazisha tofauti hiyo. Chuma kinajisokota, fimbo ya gia inakataa kutoka. Hapo tena utasikia giaboksi imekufa. Rudi nyuma polepole mita chache ukiwa umenyoosha usukani, uone kama haitatoka yenyewe. Tairi za mbele na za nyuma zenye ukubwa tofauti huleta mateso yaleyale, na waliozizoea hushangaa kila mwaka wananunua gia.

Kuna pia wakati ambapo hakuna kilichoharibika. Gari limekwama, gurudumu moja la mbele linazunguka bure, na moja la nyuma, upande wa pili, linazunguka bure. Watu wanapiga kelele kwamba fowili haifanyi kazi. Inafanya kazi. Mbele imezungusha, nyuma imezungusha, kinachokosekana ni kushika. Punguza upepo wa tairi, chimba, weka mawe au matawi. Ukifika panapofaa, jaza upepo.

Si kila gari lina habu za mkono. Hilux kadhaa za miaka ya karibuni huunganisha difu ya mbele kwa nguvu ya upepo unaovutwa na injini kupitia mipira myembamba. Mpira mmoja ukipasuka au ukichomoka, mbele haivuti. Kagua mipira hiyo kwanza, kwa kuwa ni rahisi kuliko chuma chochote kilicho chini yake.

Nakubali kwamba vyuma huvunjika kweli. Oili ya difu ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiendelee na safari ndefu. Ekseli ya nyuma ikikatika kwenye Land Cruiser nyingi za kubebea mizigo, gurudumu linabaki limeshikwa na beringi zake, na madereva wengi wametoa kipande kilichokatika, wakaziba tundu, wakafunga habu na kufika nyumbani polepole kwa nguvu ya mbele. Usijaribu hivyo kwenye Hilux ya kawaida, kwani kwake ekseli ndiyo inayobeba gurudumu. Ikikatika, gurudumu laweza kuchomoka pamoja na kipande chake.

Wapo watakaosema nawaonea mafundi, na kwamba dereva si fundi. Siwaonei. Fundi wa kando ya barabara hulipwa kwa kazi ya kufungua, hakuna anayemlipa kwa kutazama. Tukimlipa kidogo kwa ukaguzi wa nusu saa, naye ataona faida ya kutazama kwanza. Na dereva hahitaji kuwa fundi ili azungushe shafti kwa mkono, kama vile mama hahitaji kuwa daktari ili ajue mtoto ana homa.

Rai yangu ni hii. Vikundi vya waliorejea vinavyochanga kununua pikapu kuukuu vifanye majaribio yale mawili mbele ya muuzaji, kabla ya fedha kutoka mfukoni. Wenye gari wawape madereva wao ruhusa na muda wa kuzungusha habu kila mwezi, hata kiangazi. Siku ya mvua habu zifungwe asubuhi kabla ya kuondoka, maana kuendesha kwenye 2H huku habu zikiwa LOCK hakuharibu gari, kunakula mafuta kidogo tu. Na ukiwa mbali na kwenu, fundi akikuambia giaboksi imekufa, mwombe kwa heshima akuonyeshe shafti ya mbele inavyozunguka kwenye 4H. Asipoweza kukuonyesha, mlipe chai yake, umshukuru, na giaboksi ibaki mahali pake.