Cheo Kimeondoka, Habari Zisipotee

Mwaka 1935 kilitoka Uingereza kitabu juu ya Wabena wa bonde la Kilombero, walioteremka kutoka nyanda za juu katika karne ya 19 na kuweka makao mtoni. Waandishi wake ni mume na mke, A. T. na G. M. Culwick, bwana akiwa ofisa wa serikali ya kikoloni wilayani Ulanga. Lakini chini ya majina yao, kwenye ukurasa wa jina la kitabu, lipo jina la tatu: Mtema Towegale Kiwanga, aliyechangia sura moja. Yaani mtema, mtawala wa bondeni, alishika kalamu.

Cheo cha mtema kilikuwa cha kuzaliwa nacho, kama vyeo vya makabaila wa Uingereza. Wao wana ngazi tano, duki akiwa juu, kisha markizi, eli, vaikaunti na baroni. Huko Uskoti ngazi ya tano, ya chini kabisa, huitwa Lodi wa Bunge. Kwa kawaida baba akifa, mwanawe mkubwa wa kiume hurithi jina.

Je, ni haki mtu kutawala wenzake kwa sababu ya tumbo lililomzaa? La, si haki. Ndiyo maana mwaka 1963 Tanganyika ilifuta sheria zilizowapa machifu mamlaka, na aliyeongoza serikali hiyo ni Mwalimu Nyerere, mwenyewe mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Mwaka huohuo Uingereza nayo ilipitisha sheria ya kumruhusu lodi, yaani kabaila mwenye cheo, kuukana urithi wake, na mwanasiasa Tony Benn akaukana ili arudi kugombea ubunge, ambao lodi hakuruhusiwa kuushika. Hata Edward Twining, aliyekuwa gavana wa Tanganyika, alipofanywa baroni mwaka 1958 alipewa cheo chenye jina la Tanganyika ndani yake, lakini cha maisha yake tu, mwanawe hakukirithi. Mwaka 1999 malodi wa kurithi walitolewa katika Baraza la Malodi, wakabakizwa 92.

Basi anayetaka leo kurudisha utema ili agawe ardhi ya bondeni au aamue kesi za watu anavuta kamba iliyokwisha kukatika.

Lakini liko kosa la pili, nalo ndilo linalofanyika Ifakara, Malinyi na Mahenge kila siku: kuziacha habari zife pamoja na cheo. Wenzetu wa Uskoti hawakufanya hivyo. Ofisi ya Lord Lyon, msimamizi wa nembo za Uskoti, mjini Edinburgh ina daftari la nembo hizo lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1672, na mpaka leo linaandikwa.

Na kwetu? Nenda msibani. Mzee amekaa mkekani, anahesabu vidoleni: fulani alimzaa fulani, fulani alivukia kivuko kile, fulani alizikwa chini ya mwembe ule. Akifika kidole cha nne anasita, anamtazama mzee mwenzake, naye anatikisa kichwa. Vijana wako nje wanapakua wali. Jina lile limekwenda, na hakuna wa kuulizwa tena.

Ziandikwe habari zote, chungu na tamu. Wakati wa vita vya Majimaji mwaka 1905, mtawala wa Wabena wa wakati huo, Kiwanga, alikuwa upande wa Wajerumani, na Wambunga walishika silaha dhidi ya Wajerumani hao. Wajukuu wa pande zote mbili leo wanauziana mpunga soko moja na kuoana. Asiwepo wa kuficha sehemu ya babu yake kwa kuona haya, wala wa kuipamba kwa kiburi. Na si habari za watawala peke yao: Mndamba mvuvi na Mpogoro mkulima nao wana mababu wenye majina.

Kitabu cha mwaka 1935 kiliandikwa kwa Kiingereza, na ni wachache bondeni waliowahi kukishika. Basi mpunga ukishavunwa mwaka huu, kila ukoo ununue daftari moja. Kijana anayejua kuandika akae na bibi na babu jioni tatu au nne, aandike kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, asome mbele yao wamsahihishe. Nakala moja ibaki kwa ukoo, na nyingine ipelekwe shule ya sekondari ya kata.