Mti Haukuwa Mgonjwa

KOKOTO KIATUNI
Na Sada Mihayo, Tabora

Wiki hii nimekuta kisiki. Kipo kwenye uwanja wa ofisi moja hapa mjini ambayo sitaitaja, kwa sababu karatasi yangu ninayoifuatilia bado imo humo ndani. Ndiyo, ile ile. Wasomaji wa siku nyingi mnaijua historia ya karatasi hiyo kuliko ninavyoijua mimi, na ninyi mnaonisimamisha sokoni kuniuliza imefika meza ya nani, jibu ni kwamba imerudi meza ya kwanza.

Pale penye kisiki palikuwa na mti wa mtundu. Mti mzima, matawi yamejitandaza hadi juu ya paa, mti uliokuwapo kabla ya ofisi yenyewe, na waliojenga ofisi walikuwa na akili ya kuupisha. Chini yake ndiko tulikongojea sisi wenye karatasi. Palikuwa na benchi, mama muuza karanga, vijana wa bodaboda na wazee wawili wa bao ambao sijawahi kujua wanafuatilia nini. Kuambiwa "njoo kesho" pale kulivumilika, maana angalau ulikuwa umekaa kivulini.

Nikamwendea mlinzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuuona msiba?"

"Kulikoni?"

"Walisema unaumwa. Majani yamekuwa mekundu."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakaniambia nilinde geti."

Sasa naomba mtu anishike, maana huu ni mwezi wa Septemba na Unyamwezi nzima ni nyekundu. Toka nje ya mji asubuhi, shika barabara ya Sikonge au ya Urambo, uangalie pande zote mbili. Mitundu na ndugu zake wa miombo inachipua, na jani la mtundu huzaliwa jekundu. Kuna majani ya rangi ya damu ya mzee, kuna ya shaba, kuna ya divai. Baada ya wiki chache yanapitia rangi ya chungwa na ya maji ya kunde, kisha yanakuwa kijani. Na yote hayo kabla ya tone la mvua kuanguka. Nyasi zimeungua, visima vimeshuka, ng'ombe wanahesabika mbavu, na mti unachipua kwa akiba ya maji uliyojiwekea mwilini na mizizini. Bibi yangu hakuwa na kalenda. Mitundu ikiwa myekundu alitoa jembe uvunguni.

Lakini bosi wa pale ana kalenda, na hapo ndipo hadithi inaponiumiza tumbo.

Nikaingia. Ni kijana mstaarabu, ameniamkia vizuri, ameniletea kiti. Kahamishiwa kwetu juzi juzi. Ukutani, nyuma ya kichwa chake, imetundikwa kalenda kubwa ya rangi, na picha ya mwezi huu ni mti wa mepo wa Vermont, kule Marekani, mwekundu kuanzia kileleni hadi chini, majani yamefunika barabara. Nikaitazama picha. Nikatazama dirishani, kwenye kisiki. Nikaitazama tena picha.

"Kalenda nzuri," nikasema.

Akatabasamu. "Wenzetu, mama, wana miti mizuri."

Nilikaa kimya, na wanaonijua watakuambia hilo halitokei mara kwa mara. Ningeweza kumweleza kwamba majani ya mepo yake yanakata roho. Usiku ukirefuka na baridi ikikaribia, mti ule unaanza kurudisha mali yake shinani. Klorofili, ile inayolipa jani ukijani wake, inavunjwa, na jani linalokaribia kuanguka linatengeneza anthosianini, ambayo ndiyo wekundu wenyewe. Mtundu wetu unatumia rangi za ukoo huo huo, ila unazitumia kwa mtoto mchanga. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba wekundu unalikinga jani changa dhidi ya jua kali hadi litakapokomaa. Kule wanaendesha gari masafa marefu na kulipia hoteli ili waone majani yakifa. Huku yanazaliwa bure, mbele ya dirisha, na tunaita watu wa msumeno.

Sababu ni moja, na sihitaji tume ya kuichunguza: tumejifunza kuitazama miti kwenye picha za watu wengine. Mti wa kigeni ukibadilika rangi ni utalii. Wa kwetu ukibadilika rangi ni maradhi. Kijana amesoma hadi shahada na hakuna darasa hata moja lililompeleka nje kuutazama mtundu mwezi wa Septemba.

Na kilichopandwa badala yake? Mmeshabashiri. Miashoki! Mstari mzima, imesimama kama askari wa gwaride, kila mmoja na vijiwe vyake vilivyopakwa chokaa. Mwashoki asili yake ni India na Sri Lanka, na kwao huko una heshima zake. Hapa tumeupenda kwa sababu hautandazi tawi, hauzibi bango la ofisi na hauchafui matofali ya uwanjani. Kwa maneno mengine, tumeupenda kwa sababu haufanyi kazi ya mti. Kivuli chake kinamtosha mtu mmoja, mwembamba, aliyesimama wima, mradi awe tayari kuhama kila jua linapohama.

Msije mkaniandikia barua kwamba nachukia miti ya kigeni. Mwembe nao ulifika Tabora kwa miguu ya misafara, na sijawahi kuusema vibaya. Unatoa kivuli na unatoa embe, basi ni mwenyeji. Nami sitagusa mabani ya kukaushia tumbaku leo, maana nikianza kuzungumzia kuni zilizotoka kwenye miombo ya Urambo na Kaliua, mhariri atanikata katikati ya sentensi kama mwaka jana. Leo ni mti mmoja tu.

Basi kwa yule msomaji wa Ipuli aliyeniuliza kama mtundu unaweza kupandwa nyumbani: unaweza, ila uwe na subira kuliko watu wa ofisi. Maganda yake magumu hukauka mtini, na mchana wa jua kali hupasuka kwa mlio, yakijikunja na kurusha mbegu mbali. Mbegu ni bapa na za kahawia. Okota mpya, uzipande mapema, kwa sababu hazidumu ghalani. Hazihitaji kuchemshwa wala kukwaruzwa. Panda pale pale unapotaka mti uishi. Ukilazimika kutumia viriba, tafuta virefu, maana mzizi mkuu unazama chini haraka na haupendi kuhamishwa.

Kisha nenda chini ya mtundu mzee, uchote udongo kidogo uje uuchanganye na wa shimo lako. Ndani ya udongo huo mna kuvu wanaoishi na mizizi ya mtundu. Wao wanaulisha mti maji na madini, mti unawalisha sukari. Sehemu ya uyoga ule mnaonunua kwa ndoo kando ya barabara mvua zikianza ni matunda ya undugu huo. Bila kuvu hao mche unadumaa, halafu mnasema miti ya asili haioti.

Sasa sikiliza hili, maana hapa ndipo wengi wanapoua mti wao wenyewe. Miaka ya kwanza mtundu hauonekani kukua. Unaona kijiti. Kiangazi kijiti kinakauka, nawe unakishika uking'oe. Acha! Mti uko chini, unajenga mzizi, na mvua zikikaribia utatoa kijiti kingine. Unaweza kufanya hivyo zaidi ya mara moja. Kazi yako ni kuzuia mbuzi, kuzuia moto, kuupa jua la kutosha na kutouweka mahali panapotuama maji. Usichome takataka shinani. Usimwage zege hadi kwenye gome. Acha duara la udongo mti upumue. Na tafadhali, usiupake chokaa magotini. Walioanzisha mtindo huo ni wale wale waliopaka rangi mtaro badala ya kuuzibua.

Ukivumilia, utapata kitu ambacho mwashoki hautakupa hata ukiumwagia boza zima la maji. Utapata dari. Utapata maua madogo ambayo hayana sura lakini yana harufu, na nyuki wanayajua. Asali ya Tabora mnayoringia Dar es Salaam imetokana na miti hii, na mingi ya mizinga ya asili ya warina asali wetu ni magome ya miti hii hii. Hakuna mwashoki uliowahi kumlipia mtoto ada.

Halmashauri kila moja ina agizo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Agizo ni zuri. Tatizo langu ni kwamba tunajua kuhesabu mche ulioingia shimoni, tena mbele ya kamera, na hatujui kuhesabu mti uliokuwa umesimama. Mitundu mingi ya mjini haijapandwa na mtu. Haina kibao cha mgeni rasmi, kwa hiyo haina mtetezi. Ningekuwa na madaraka ya siku moja tu, ningeamuru kila mti wa asili uliobaki katika uwanja wa umma upewe kibao chenye jina la kiongozi yeyote, hata aliyestaafu. Msumeno usingeukaribia.

Kuhusu karatasi yangu, kijana aliahidi itashughulikiwa baada ya shughuli kubwa iliyo mbele yao, yaani uzinduzi wa hiyo bustani ya miashoki. Alinipa kadi ya mwaliko kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Nimeisoma. Saa nne asubuhi, wageni waalikwa waketi ifikapo saa tatu na nusu, na chini kabisa, kwa herufi nzito, waalikwa wasiogope jua: ofisi imekodi turubai.