Kupaka nepi mafuta ni uvumbuzi ama ni ujanja tu?

Wasee, tuulizane. Ukichukua nepi ya kutupa ukaipaka mafuta ya mgando, umevumbua kitu?

Mama yeyote pale Kayole atakucheka. Mafuta hayo si mageni: Robert Chesebrough alipata patenti ya Vaseline Marekani mwaka wa 1872. Na nepi ni nepi. Sasa kuviweka pamoja kuna akili gani hapo?

Ngoja kwanza. Mwaka wa 1997 Procter & Gamble, wenye Pampers, walipewa patenti Marekani ya nepi yenye mafuta upande wa ngozi. Hoja yao ni kwamba ukipaka tu, mafuta hayatulii. Yanazama ndani, ngozi ya mtoto inakosa, na nepi inaanza kufyonza mkojo vibaya. Wao wakayachanganya na kitu kama nta, yakae juu hadi mtoto avae, ndipo yahamie kwenye ngozi.

Patenti, au hataza kama wanavyoiita walimu wa Kiswahili, inadai mambo matatu. Kitu kiwe kipya, kiweze kutengenezwa viwandani, na kisiwe kile ambacho fundi wa kazi hiyo angekifikia bila kuumiza kichwa. Vita huwa kwa hilo la mwisho. Mwaka wa 2007, kwenye kesi ya KSR na Teleflex iliyohusu pedali za gari, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kuunganisha vitu vinavyojulikana, vikatoa matokeo yaliyotarajiwa, kwa kawaida si uvumbuzi. Huko Ulaya, mtu yeyote ana miezi 9 ya kupinga patenti tangu itolewe.

Msimamo wangu ni huu: mbinu ya kuyatuliza mafuta inastahili ulinzi. Wazo la kupaka mafuta halistahili. Kampuni ikiandika madai mapana yanayomeza kila nepi na kila sodo iliyopakwa chochote, hiyo ni kufunga soko. Patenti hudumu miaka 20, na anayelipia ni mama anayenunua nepi moja moja kioski.

Kwa nini hii ikuhusu? Kwa sababu Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 hapa Kenya inadai mambo yaleyale matatu, lakini pia inatoa cheti cha uvumbuzi mdogo cha miaka 10. Hiki kinataka kitu kiwe kipya na kitengenezeke, basi. Ofisi ni KIPI.

Ile patenti ya 1997 imeshaisha muda, na maandishi yake yako wazi mtandaoni, mchanganyiko na vipimo. Kama wewe na mabeshte zako mnashona sodo mtaani, someni. Kisha ulizeni KIPI ni zipi bado zina nguvu hapa kwetu kabla hamjaanza kuuza. Hiyo ni shule ya bure, na haiulizi kama ulimaliza chuo. Mimi sikumaliza, na nimeielewa.