Kamba Nene Haiokoi Turubai

Kaaga ni mahali pazuri pa kujifunzia kufunga turubai, kwa kuwa mvua yake haimpi mtu nafasi ya kujidanganya. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya hupata maji mengi, udongo mwekundu hulainika hadi kigingi kikazama kwa mkono mtupu, na upepo hushuka kutoka mlimani usiku watu wakiwa wamelala. Vijana wa kanisa, maskauti wa shule na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kimethodisti wanaoelekea msitu wa Imenti au njia ya Chogoria hupitia kwanza madukani mjini Meru kununua kamba. Huko ndiko hupewa ushauri, na mwingi wake hauna mashiko.

Naujibu hapa dai kwa dai. Kosa lililomo karibu katika yote ni moja: watu hununua kamba kwa kuogopa itakatika, ilhali kamba ya turubai ni nadra kukatika. Hulegea, huteleza kwenye fundo, au hung'oa kitu kingine.

"Chukua hii nene, hii haikatiki."

Muuzaji hasemi uongo. Kamba ya milimita 10 haitakatika. Cha kujiuliza ni kitu gani kitakachotangulia kukatika. Turubai la kawaida la plastiki iliyofumwa lina vitundu vya chuma kwenye ukingo, na hivyo ndivyo vinavyochomoka mwanzo. Vikistahimili, kigingi hung'oka. Tupige hesabu kidogo. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukilipiga ana kwa ana turubai la mita 3 kwa 4 hulisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 75. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne, yaani kilo 300 hivi. Gawanya mzigo huo kwa kamba sita au nane: kila moja hubeba kiasi ambacho kamba nzuri ya milimita 4 inakimudu. Kitundu cha turubai ndicho kisichokimudu.

Kwa hiyo pesa ya unene ni afadhali uitumie kwingine. Tia kokoto laini kwenye pembe ya turubai, likunje juu yake, kisha funga kamba chini ya kokoto kama unavyofunga mdomo wa mfuko. Mvuto utasambaa kwenye kitambaa chote cha pembe badala ya kulemea kitundu kimoja. Kamba nene ina hasara nyingine: fundo lake halibani vizuri, na ukitaka kulikaza gizani mikono ikiwa baridi, utakoma.

"Kaza kamba ya mgongo mpaka ilie kama gitaa."

Huu ni ushauri wa hatari kuliko wote, na husemwa kwa kujiamini sana. Kamba ya mgongo ni ile inayopita juu kutoka mti hadi mti, turubai likiilalia. Chukua maji ya mvua ya lita 20 yaliyotuama katikati. Hizo ni kilo 20. Kamba ikiwa imeachwa ilegee kiasi cha kufanya pembe ya digrii 30 na usawa wa ardhi, kila upande huvuta kilo 20 tu. Ikikazwa hadi digrii 15, huvuta karibu kilo 39. Ikikazwa hadi digrii 5, ambayo kwa macho inaonekana imenyooka kabisa, huvuta kilo 115. Maji ni yaleyale. Ni wewe uliyeongeza mzigo. Ndiyo maana mtu huona fundo limekwama lisifunguke asubuhi, au mti mchanga umeinama, akasema kamba ilikuwa mbovu. Acha kamba ya mgongo ilegee kidogo, kisha kazia pembeni, na uhakikishe upande mmoja wa turubai uko chini zaidi ili maji yapate njia ya kutoka.

Kuhusu miti yenyewe nitasema jambo moja tu: mkaratusi wenye matawi makavu si nguzo ya kulalia chini yake, hata kama umesimama mahali pazuri namna gani.

"Manila ya buluu ni ileile tu, na ni rahisi."

Kamba inayouzwa kwa jina la manila katika maduka yetu kwa kawaida ni ya polipropilini. Bei yake ni ya chini kweli, na kwa kufungia mzigo kwenye pikapu haina neno. Lakini ni ngumu na ina utelezi, hivyo fundo linaloshika vizuri kwenye kamba nyingine hujifungua polepole kwenye hii. Jua nalo huila. Ikweta inapita kusini kidogo tu mwa mji wa Meru, na polipropilini isiyotiwa kinga hukauka juani kwa miezi kadhaa, ikaanza kutoa vumbi na nyuzi zinazochoma vidole. Wanaoitetea husema, mbona vibanda vya soko la Gakoromone vimefungwa nayo? Ni kweli. Lakini mfanyabiashara wa sokoni yuko chini ya turubai lake mchana kutwa, na fundo likilegea anainuka kulikaza. Wewe utakuwa umelala.

Usiitupe, hata hivyo. Ifungie kuni, au uanikie soksi. Isikaribie moto tu, kwa kuwa huyeyuka kwenye joto la digrii 165 hivi, na cheche ya jiko inafika hapo bila taabu.

Dai la nne ndilo hasa lililonifanya niandike, kwa sababu husemwa na watu wanaojua mengi: kwamba nailoni ndiyo kamba ya mvua kwa kuwa haiozi. Haiozi, kweli. Lakini nailoni hunywa maji, na ikishakunywa hurefuka. Pia hupoteza sehemu ya nguvu yake, kama asilimia 10 hadi 15, ingawa hilo si tatizo kwa turubai. Tatizo ni urefu. Saa kumi na mbili jioni umeacha turubai limenyooka vizuri. Saa tisa usiku, baada ya mvua ya saa nne, kamba zote zimelegea, turubai limeshuka hadi usoni na bwawa limejikusanya katikati. Hakuna kilichokatika. Hakuna kilichong'oka. Nailoni imefanya tu kile ambacho ni tabia yake. Na kama turubai lenyewe ni la aina nyepesi ya nailoni, basi kitambaa na kamba hulegea pamoja.

Kuvutika kwa nailoni kuna kazi yake. Wapandaji wanaokwea miamba ya Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199, hutumia kamba za nailoni makusudi: mtu akianguka, kamba huvutika na kuupunguza mshtuko mwilini mwake. Nailoni ni kamba ya kumwokoa anayeanguka. Turubai halianguki hivyo. Linataka kamba inayobaki na urefu uleule kavu na mbichi, na hiyo ni poliesta. Poliesta karibu hainywi maji kabisa, huvutika kidogo, na hustahimili jua kuliko nailoni na polipropilini. Ukiwa na nailoni tu mkononi, iloweshe kabla ya kufunga, kisha uikaze tena mvua ikishaanza. Utalowa kichwa dakika tano uokoe usiku mzima.

"Nina kamba ya parachuti, inabeba kilo 250."

Vijana waliotazama video nyingi huja na hili. Kamba hiyo ni ya nailoni, iliyoenea kupitia parachuti za jeshi la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na aina inayojulikana zaidi hupimwa kwa ratili 550, yaani karibu kilo 250. Kwanza, kipimo hicho ni cha kamba iliyonyooka bila fundo. Fundo likiingia, theluthi hadi nusu ya nguvu huweza kupotea. Pili, kata ncha uangalie ndani: ya kweli ina nyuzi saba hadi tisa, kila moja ikiwa imesokotwa kwa nyuzi ndogo mbili au tatu. Nyingi za bei ya kutupa zina kitu kama pamba ndani. Tatu, hata ya kweli bado ni nailoni, kwa hiyo rudi kwenye aya iliyotangulia. Kwa kamba za pembeni, ambazo ni fupi, sina ugomvi nayo. Kwa kamba ya mgongo ya mita 10, ambayo itarefuka palepale unapotaka inyooke, sitaki kuiona.

Wazee nao wana dai lao, nalo nalijibu kwa heshima: "Sisi tulitumia katani na hatukulalamika." Katani ina historia inayostahili heshima hiyo. Richard Hindorf aliileta Tanga mwaka 1893, na tangu hapo imefunga kila kitu Afrika Mashariki. Januari 1943 mateka watatu wa Kiitaliano, Felice Benuzzi na wenzake Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Waingereza Nanyuki ili waupande Mlima Kenya, wakiwa na kamba za katani walizokusanya kambini. Walishindwa kufika Batian, lakini tarehe 6 Februari Benuzzi na Balletto walisimama juu ya kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha wakarudi kambini kwa hiari yao. Ni kisa kizuri. Lakini walitumia katani kwa kuwa hawakuwa na nyingine, na anayeitoa kama ushahidi wa ubora wake anasahau hilo.

Katani ikilowa hufanya kinyume cha nailoni: nyuzi huvimba, kamba hufupika, ikavuta kigingi au kukichana kitundu. Ikikauka hulegea tena. Ukiikunja mbichi ukaiweka stoo, itaoza. Kwa upande mwingine, hushika fundo kuliko kamba yoyote ya plastiki na haiyeyuki kwa cheche. Kwa kambi ya siku mbili za kiangazi ningeichagua mbele ya manila ya buluu bila kusita.

Blada, zile kamba zinazokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu, zina watetezi wengi miongoni mwa watu wa bodaboda. Husema blada hulainisha kishindo cha upepo. Wako sahihi nusu. Ukifunga pembe kwa blada tupu, turubai hupiga mbawa usiku kucha, na kila pigo hulegeza kigingi kwenye udongo laini. Njia nzuri ni kuweka kipande kifupi cha blada, halafu kamba ya kawaida ipite kando yake ikiwa imelegea kidogo: mpira hupokea kishindo, kamba huzuia usivutike kupita kiasi.

Waya wa kuanikia nguo uliovikwa plastiki, sitaupa nafasi. Haufungiki fundo, hujikunja pabaya, na ukimpiga mtu shingoni gizani utamkata.

Wapo pia wanaosubiri jamaa aliye ng'ambo awaletee kamba ya Dyneema. Ni nyepesi ajabu na haivutiki, lakini ina utelezi unaoshinda mafundo mengi, huyeyuka kwenye digrii 150 hivi, na bei yake inatosha kununua turubai jingine.

Sasa, muuzaji akikwambia "hii ni poliesta", utajuaje? Omba kipande kidogo na kikombe cha maji, ukibonyeze mapovu yatoke. Polipropilini huelea. Nailoni na poliesta huzama. Kuzitofautisha hizo mbili, pima kipande cha mita 2 kikiwa kikavu, kiloweke usiku kucha, kivute kwa mkono na ukipime tena. Kilichorefuka wazi ni nailoni. Rangi chagua inayong'aa, kwa ajili ya miguu ya watakaoamka kwenda msalani.

Turubai la mita 3 kwa 4 linahitaji mita 10 za mgongo na kamba sita za pembeni za mita 3 kila moja. Mita 30 za poliesta iliyosukwa ya milimita 4 zinatosha, na zinabaki 2 za kupimia. Nanyi wenye maduka mjini Meru, andikeni aina ya uzi kwenye kila roli la kamba. Mnunuzi wa turubai anaihitaji kuliko unene.