Kabla ya kumwita Maluach "Thabeet mwingine"

Usiku wa Juni 25, 2025, Khaman Maluach alipanda jukwaani katika ukumbi wa Barclays Center, Brooklyn, akiwa chaguo la kumi la drafti ya NBA. Alivaa kofia ya Houston Rockets, ingawa kila aliyefuatilia alijua kijana anakwenda Phoenix Suns, kwa kuwa chaguo lile lilikuwa sehemu ya bei ambayo Rockets waliwalipa Suns kumpata mfungaji Kevin Durant. Afrika Mashariki ilikuwa alfajiri. Kulipopambazuka, ubishi juu ya kijana huyu wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, ulikuwa umeshakolea.

Wenye matumaini walitaja urefu wa meta 2.18 na umri wa miaka 18. Wenye mashaka walikuwa na jibu moja tu: Thabeet.

Jina hilo limegeuzwa hukumu. Akitokea kijana mrefu kutoka ukanda huu, akaanza kusifiwa Marekani, hakosi mtu wa kusema "huyu naye ni Thabeet mwingine", na hapo mjadala unafungwa. Ni hukumu ya kivivu. Wanaoitoa wanakumbuka namba ya drafti na wastani wa pointi, wakasahau kila kilichotokea katikati. Ukifuatilia kilichotokea katikati, unaona kwamba kisa cha Hasheem Thabeet kinaeleza mengi zaidi kuhusu namna wachezaji wanavyopangwa kuliko kuhusu Thabeet mwenyewe.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na akaanza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, umri ambao wenzake wa Marekani wana miaka kumi ya mazoezi mwilini. Akapita sekondari huko Texas, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, na katika msimu wa 2008 na ule wa 2009 akatajwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East. Mwaka 2009 aligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Mwezi Juni mwaka huo Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili, nyuma ya Blake Griffin peke yake. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika NBA kabla yake.

Tatizo ni waliomfuata. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Wa tisa, DeMar DeRozan. Curry amechukua ubingwa mara nne na tuzo ya mchezaji bora wa msimu mara mbili, Harden tuzo hiyo mara moja, na kila walipopanda ngazi, Thabeet alishuka nyingine machoni mwa mashabiki bila hata kugusa mpira. Ndivyo orodha ya drafti inavyomfunga mtu: analinganishwa maisha yake yote na watu ambao hakuwahi kujilinganisha nao.

Lakini Thabeet hakujichagua. Memphis tayari walikuwa na Mike Conley, O.J. Mayo na Rudy Gay upande wa nje, wakaona hawana haja ya mlinzi mwingine wa pembeni. Portland walifikiri hivyo hivyo mwaka 1984: walikuwa na Clyde Drexler, wakamchukua Sam Bowie wa pili na kumwacha Michael Jordan kwa Chicago. Minnesota mwaka huo wa 2009 walikuwa na chaguo la tano na la sita, wakawachukua Ricky Rubio na Jonny Flynn, wote wawili wapiga pasi wa nafasi ileile ya Curry, na Curry akapita mbele ya macho yao. Flynn alimaliza NBA ndani ya misimu mitatu. Ni nani anayemtaja Flynn leo? Lawama yote imebaki kwa Mtanzania, na sehemu kubwa ya sauti zinazomlaumu zinatoka nyumbani.

Hapa Blair anafaa kutajwa tena. Februari 2009, Pittsburgh waliifunga Connecticut, iliyokuwa inaongoza chati ya taifa, 76 kwa 68 kule Hartford. Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23, na katika purukushani moja chini ya kapu akamzungusha Thabeet begani na kumbwaga sakafuni. Picha ile ilizunguka sana. Kama vipimo ni vya uwanjani tu, Blair angetangulia. Alichaguliwa wa 37. Madaktari wa timu walikuwa wameona magoti yake hayana mishipa ya mbele inayoyashikilia, na yeye hakuwa mrefu wa kutosha kwa senta. Kwa hiyo namba 2 na namba 37 hazikuwa tofauti ya ubora. Zilikuwa tofauti ya sentimeta na magoti, jinsi mameneja walivyozisoma usiku ule.

Memphis ndiko kisa kilikoharibikia. Nafasi ya senta ilikuwa na Marc Gasol, Mhispania aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007 na kuja Memphis katika mabadilishano yaliyompeleka kaka yake Pau Los Angeles. Chini ya mwezi mmoja baada ya drafti wakamleta Zach Randolph. Wawili hao wakawa moja ya safu ngumu zaidi za ndani katika ligi. Gasol alikuja kuwa mlinzi bora wa NBA mwaka 2013. Thabeet akabaki na dakika 13 kwa mechi, na ndani ya dakika hizo akawa anapata pointi 3.1, ribaundi 3.6 na kuzuia mitupo 1.3. Kuzuia mitupo 1.3 ndani ya dakika 13 si takwimu ya mtu asiyejua kazi. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards katika ligi ndogo, na hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Mwaka mmoja baadaye akapelekwa Houston katika mabadilishano yaliyomrudisha Shane Battier Memphis. Miezi miwili hivi baadaye Memphis, wakiwa wa nane katika kanda yao, waliwatoa San Antonio waliokuwa wa kwanza, na Battier ndiye aliyefunga mtupo wa pointi tatu ulioamua mechi ya kwanza.

Haimaanishi kwamba Thabeet alionewa tu. Mikono yake ilikuwa mizito kupokea pasi, faulo zilimwandama, na wachezaji wenye kiuno kipana walimsukuma watakavyo. Baada ya Houston alipita Portland, kisha Oklahoma City, na mechi zake 224 za NBA ziliisha kwa wastani wa pointi 2.2. Baadaye alicheza Japani na Taiwan, ukurasa ambao mashabiki wengi wa kwetu hawaufungui kabisa. Anayesema hakufikia kiwango cha chaguo la pili anasema kweli. Anayesema hakuwa mchezaji anakosea, maana mtu haitwi na timu nne za NBA kwa misimu mitano kwa ajili ya urefu wake tu.

Kubishana kuhusu nani ni bora kuliko nani si kosa. Ni nusu ya raha ya mchezo huu, na anayekwenda kutazama kikapu bila kubishana amekwenda kukaa. Kosa ni kuchanganya orodha mbili: ya yaliyokwisha kufanywa na ya yanayotarajiwa. Mwaka 2021, NBA ilipotimiza miaka 75, ilitangaza majina ya wachezaji wake bora wa wakati wote, 76 kwa sababu ya kura kufungana. Nikola Jokić hakuwemo. Alikuwa amechaguliwa wa 41 mwaka 2014 na tayari alikuwa na tuzo moja ya mchezaji bora wa msimu. Kufikia 2024 alikuwa nazo tatu na pete ya ubingwa. Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa aliyekuwa mlinzi bora wa ligi mara nne, naye hakuwemo. Ikiwa orodha iliyopigiwa kura na wanaoufahamu mchezo inachakaa ndani ya miaka mitatu, hukumu ya alfajiri ya drafti itadumu muda gani?

Jonathan Kuminga anafaa kutazamwa hapa, kwa kuwa ni mtoto wa Goma. Golden State Warriors walimchukua wa saba mwaka 2021, na akiwa na miaka 19 alikuwa bingwa. Msimu wa 2023-24 alipata wastani wa pointi 16.1. Halafu wakati wa hatua ya mtoano mwaka 2025 akajikuta anakaa benchi mechi nzima dhidi ya Houston, kwa sababu kocha Steve Kerr hakuona namna ya kumpanga pamoja na Jimmy Butler na Draymond Green bila kapu kusongamana. Raundi iliyofuata Curry, naye wa Warriors, aliumia msuli wa paja. Kuminga akapewa mpira na nafasi, na katika mechi ya tatu dhidi ya Minnesota akafunga pointi 30. Ni kijana yuleyule, mwezi uleule. Mashabiki wa Warriors waligawanyika pande mbili, huyu akisema ni nyota anayebanwa, yule akisema hajui kucheza na wenzake, na pande zote mbili zilikuwa na mechi za kuonyesha. Timu yenyewe haikuwa na jibu. Mazungumzo ya mkataba wake yalimaliza majira yote ya joto.

Basi Maluach. Aliingia kwenye kikapu akiwa na takribani miaka 13, mapema kuliko Thabeet lakini bado ni kuchelewa. Alipitia akademia ya NBA iliyoko Saly, Senegal, na mwaka 2024 alicheza ligi ya kikapu ya Afrika na City Oilers ya Kampala. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 17, alikuwa katika kikosi cha Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris, kikosi ambacho siku chache kabla, kule London, kiliifikisha Marekani kwenye 101 kwa 100 na kukaribia kuiaibisha. Kisha Chuo Kikuu cha Duke, msimu mmoja, wastani wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6, akicheza pamoja na Cooper Flagg na Kon Knueppel, waliochaguliwa wa kwanza na wa nne.

Wanaompinga wana silaha nzito. Katika nusu fainali ya vyuo Aprili 2025, Duke walipoteza 70 kwa 67 dhidi ya Chuo Kikuu cha Houston baada ya kuongoza karibu mechi yote, na Maluach hakuokota hata ribaundi moja. Senta wa meta 2.18, ribaundi sifuri! Wachezaji wa Houston walimbana kwa miili, wakamtoa chini ya kapu kama Thabeet alivyokuwa akitolewa. Hilo halifichiki, na anayemtetea Maluach kwa kusema ilikuwa siku mbaya tu hajautazama mchezo wenyewe.

Ila wanaomtetea nao wana lao, na ni zito zaidi ya urefu. Mitupo huru aliingiza asilimia 76.6. Senta anayeingiza mitupo huru kiasi hicho akiwa na miaka 18 ana mikono ambayo Thabeet hakuwa nayo, na huenda siku moja akatupa kutoka mbali. Miguu yake nayo ni myepesi: hukimbia uwanja mzima bila kuachwa, na akilazimika kubaki na mchezaji mfupi mwenye mpira hakai kama mlingoti. Senta wa mwaka 2009 aliweza kusimama chini ya kapu asubiri mitupo. Leo timu zinamvuta atoke hadi kwenye mstari wa pointi tatu, na asiyeweza kutoka haingii uwanjani.

Kinachotia hofu kiko nje ya mwili wake. Siku ileile ya drafti, Phoenix walimchukua pia Mark Williams kutoka Charlotte. Williams ni senta, naye alisoma Duke, na alikuwa na uzoefu wa misimu mitatu. Maluach alianza msimu wake wa kwanza akikaa benchi zaidi ya alivyocheza. Anayeifahamu Memphis ya Gasol anaanza kukunja uso. Juu ya hapo kuna mzigo wa Durant: mashabiki wa Phoenix wanamhesabu kijana kama kipande cha bei ya mfungaji mkubwa waliyemwachia aondoke, na kila Durant akifunga 30 akiwa Houston wataulizana walipata nini. Kwa bahati Durant mwenyewe ni somo juu ya namba za drafti: alichaguliwa wa pili mwaka 2007, nyuma ya Greg Oden, senta aliyeonekana hakosei na ambaye magoti yalimruhusu kucheza mechi 105 tu za NBA.

Tofauti moja na Memphis ipo, nayo ni afya. Gasol wa mwaka 2009 alikuwa imara, hakuacha nafasi. Williams amesumbuliwa na majeraha tangu aingie ligi, kiasi kwamba Februari 2025 Los Angeles Lakers walimchukua kwa mabadilishano, wakampima, wakamrudisha Charlotte baada ya siku chache. Mchezaji anayechaguliwa raundi ya kwanza huhakikishiwa miaka miwili ya mkataba; ya tatu na ya nne ni hiari ya timu. Anayetaka kubishana juu ya Maluach kwa haki aweke pointi pembeni kwa sasa, ahesabu faulo zake katika kila dakika kumi, aangalie anavyosimama mbele ya mlinzi mwepesi anapovutwa nje, kisha atazame siku Williams atakapokosa mechi mbili mfululizo: kocha atampa kijana dakika 25, au atapanga wafupi watano amwache palepale alipo?