Kibiti kwenye gemu: lami rahisi, mikoko ndiyo kazi
Ukitaka kujitengenezea ramani ya Kibiti kwenye gemu ya malori ya Euro Truck Simulator 2, kuchora barabara si tatizo. Kazi iko pembeni ya barabara. Gemu hiyo ya 2012 inakuja na miti na nyumba za Ulaya. Minazi, vibanda vya makuti, mikoko ya Nyamisati na Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lazima uvichonge kimoja kimoja kwenye Blender. Programu ni ya bure, ila kompyuta, bando na muda si bure. Vijana wa Rufiji wasipoviunda wenyewe, delta yao itakosekana, au itachorwa na mtu asiyewahi kuona mkoko.