Kokeini: Dawa Yake Imefika Wapi?

Mama ambaye mwanawe amenaswa na kokeini huwa na swali moja: "Dawa yake ipo?" Mwezi huu tumeona tulijibu bila kuficha.

Kwa mtumiaji wa heroini, dawa zipo. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, methadoni ilianza kutolewa mwaka 2011, na naloksoni humzindua aliyezidisha heroini. Lakini dawa hizo hazitibu kokeini, kwa kuwa kila kilevi hushika ubongo kwa njia yake. Kwa kokeini, hadi leo hakuna dawa iliyoidhinishwa.

Si kwamba wataalamu wamekaa bure. Huko Marekani walitengeneza chanjo. Chembe ya kokeini ni ndogo mno, ulinzi wa mwili hauioni. Basi waliibandika kwenye protini kubwa, ili mwili uitambue na kutengeneza kingamwili za kuidaka katika damu kabla haijafika kwenye ubongo. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kuwa asilimia 38 tu ya waliochanjwa walipata kingamwili za kutosha. Hao walipunguza kutumia. Brazili nayo imetengeneza chanjo iitwayo Calixcoca.

Kwa aliyezidisha kokeini, wametafuta kimeng'enya cha bakteria waishio kwenye udongo unaozunguka mmea wa koka. Huivunja kokeini upesi, lakini katika joto la mwili kilikuwa kikiharibika kwa dakika chache tu. Wamekirekebisha kidumu zaidi, ila bado si dawa ya kutolewa hospitalini.

Basi tufanye nini? Tusinunue vidonge vya mtu anayedai kuponya kokeini. Mwanao akipatwa na maumivu ya kifua, degedege au joto kali la mwili, usimfungie chumbani kwa kuogopa aibu. Mkimbize hospitali na umwambie daktari ukweli. Huko watamtuliza, watampoza mwili na kuuangalia moyo wake.

Akishapona, atafutiwe mshauri nasaha. Kwingine humpa zawadi ndogo kila apimwapo na kukutwa hajatumia, na njia hiyo imesaidia wengi.

Hata chanjo ikikamilika, itaizuia kokeini isifike kwenye ubongo, lakini haitaondoa hamu. Hamu huhitaji mtu wa kukaa naye. Akina mama, tusingoje dawa ndipo tuanze kuzungumza na watoto wetu.